Upande wa Kulia

Novemba iliyopita, kabla mvua za kupandia hazijashika, afisa ugani mmoja alikuja kwetu Kiegei kutufundisha juu ya sumukuvu. Tulikaa chini ya mwembe, wanaume kwenye madawati yaliyoazimwa shuleni, kina mama kwenye mikeka. Nyenje walikuwa wanapiga kelele mikoroshoni hata ikabidi msemaji apaze sauti. Alikuja na vifuko viwili vya karanga. Kimoja kilikuwa na karanga zilizonona, nyekundu, zinazong'aa kama shanga. Cha pili kilikuwa na zilizosinyaa, nyingine zimetoboka, nyingine zina ukungu wa kijanikijani. Akakiinua hiki cha pili.

"Zile mnauza," alisema. "Hizi mnakula. Na hizi ndizo zinazoleta kansa ya ini, wazee wangu. Hata kwa watoto."

Nikaona shingo zinageuka. Moja, mbili, halafu mkeka mzima. Walikuwa wanamtazama dada yangu.

Dada alivuta khanga ikamfunika hadi kwenye paji la uso, akainama kama mtu aliyeangusha sindano. Binti yake hakuona lolote. Alikuwa amekaa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa afisa, mahali anapopachagua kwenye kila mkutano, macho hayabanduki kwenye midomo ya anayesema.

Afisa yule simlaumu. Alikuwa mgeni, hakujua kwamba kwenye mkeka ule kulikuwa na mtoto aliyewahi kukatwa nusu ya ini. Na sehemu kubwa ya aliyoyasema ni kweli tupu. Kilichonichoma ni kwamba maneno yale yale, karibu neno kwa neno, niliwahi kumwambia dada yangu mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama na yeye amekaa.

Mtu wa Kiegei ana miji miwili. Serikali yake iko Nachingwea, lakini ndugu na biashara vinamvuta vilevile Ruangwa. Siku hizi ukituuliza tunalima nini tutakujibu korosho na ufuta, maana huko ndiko iliko minada. Karanga hatuitaji. Ni kama chumvi, ipo tu. Na hali jina la Nachingwea liliingia kwenye magazeti ya dunia kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha mradi wa karanga, wakang'oa misitu yetu kwa matrekta, wakatandika reli, na kufikia 1951 serikali yao ilikuwa imeutupa mradi. Bibi yangu aliyaona matrekta yale. Alikuwa akicheka kila alipoyasimulia: watu wametoka ng'ambo kuja kulima karanga na hawajui hata zinapandwa mvua ya ngapi.

Bibi alijua. Karanga zikishavunwa na kukauka, jioni alizinyunyizia maji kwenye maganda, akazifunika kwa gunia, ili asubuhi ziwe laini kwa vidole. Sisi watoto tulibangua, yeye akachambua. Ungo mapajani, chungu tatu mbele yake: za mbegu, za kuuza, za nyumbani. Za nyumbani ndizo zilizovunjika, zilizokunjamana, zenye madoa. Hizo zilitwangwa zikaingia kwenye kisamvu, na zilizosagika laini zaidi zikaingia kwenye uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Karanga haitupwi, ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyetuambia kwamba yale maji ya jioni yalikuwa yanamwamsha kuvu, wala kwamba sumu yake haionekani kwa jicho na moto wa jikoni hauimalizi. Sumu yenyewe dunia iliifahamu kwa ajali tu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na kwenye mashudu yale ndiko wataalamu walikomfukua kuvu aitwaye Aspergillus flavus na sumu anayoiacha. Kwa hiyo waliokuja kutufundisha kilimo cha karanga waliondoka bila kuijua, na bibi yangu aliishi miaka yake yote bila kuijua. Simhukumu.

Sasa nije kwenye mwaka 2016. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nachingwea mjini. Dada yangu mdogo alikuwa Kiegei na mumewe na mtoto wao wa kwanza, msichana aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Kwetu Wamwera mtoto ana baba, lakini neno la mtoto hupelekwa kwa mjomba. Mjomba ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na cheo hicho nilikipenda kuliko nilivyokistahili.

Agosti dada alipiga simu: tumbo la mtoto limejaa, hali vizuri, usiku analia. Zahanati walimpa dawa za minyoo. Baada ya wiki mbili wakampima malaria, wakampa na dawa za malaria. Tumbo likabaki palepale. Ndipo wazee wakakaa, na mmoja, mama mtu mzima anayeheshimika, akamshika mtoto akasema ni bandama. Bandama kwetu ni jambo linalojulikana: mtoto akiugua malaria mara kwa mara, bandama huvimba, na dawa yake ni chale. Wakanipigia simu kupata idhini.

Dada alisema kitu kimoja kwenye simu ile ambacho bado nakisikia. "Kaka, bandama si iko kushoto? Mimi nikimwogesha naona ni kulia."

Nikamwambia wakubwa wameshasema. "Fanyeni."

Wakafanya. Mganga alimchanja chale mbili mbili, safu sita, chini ya mbavu za kushoto, akapaka unga mweusi. Alichanja kushoto kwa sababu ugonjwa ulioitwa jina ulikuwa wa kushoto. Mkono wa mama uliokuwa unamwogesha mtoto kila jioni ulisema kulia, lakini mkono wa mama haukuwa na cheo kikaoni.

Wembe ule sikuuliza ulitoka wapi wala ulikuwa umemchanja nani kabla. Hilo nilikuja kuliwaza miezi mingi baadaye, nalo nitalisema.

Nilikwenda Kiegei mwenyewe mwezi wa kumi. Dada hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliniketisha, akamlaza mtoto mapajani mwangu, akachukua mkono wangu akauweka. Kwanza kushoto, kwenye makovu. "Si huku." Halafu akausogeza. "Ni huku." Chini ya mbavu za kulia palikuwa na kitu kigumu, chenye ukingo, ukubwa wa embe bichi. Mtoto alinitazama usoni bila kulia.

Ungedhani nilimbeba usiku ule ule. Hapana. Nilisema tusubiri fedha za korosho. Zilikuwa zimebaki wiki chache mnada ufunguliwe, mshahara wangu ulikuwa na mkopo, na nauli ya watu watatu hadi Dar es Salaam na kurudi si mchezo. Tulikuja kuondoka mwishoni mwa Novemba. Ukijumlisha dawa za minyoo, malaria, chale na korosho, ni zaidi ya miezi mitatu, na kila kipande cha miezi hiyo wakati ule kilikuwa na sababu inayoingia akilini.

Katika kusubiri huko ndiko nilikopata ujuzi wangu. Mwaka ule redio zilikuwa zinatangaza habari za mikoa ya Dodoma na Manyara: watu wanaumwa ghafla, macho ya manjano, matumbo yamejaa, wengi wao watoto. Uchunguzi ukaonyesha ni sumukuvu kwenye mahindi. Hesabu iliyokuja kutolewa ilikuwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Mimi mwalimu, msomaji wa magazeti, nikaunganisha mambo. Tumbo limejaa, ini, watoto, kuvu, karanga. Nikaona nimeshaufumbua ugonjwa wa mpwa wangu kabla ya daktari.

Hospitali ya kwanza waliweka kile kipimo cha picha tumboni, kama cha wajawazito, na aliyekuwa anakishika akanyamaza ghafla. Ukiona mpimaji amenyamaza, jua. Tukaandikiwa rufaa. Basi la alfajiri, Nanganga, Mnazi Mmoja, Lindi, Somanga, daraja la Mkapa, mtoto akitapika kwenye khanga ya mama yake mpaka khanga zikaisha. Usiku tukafika, na siku ya pili tukaingia wodi ya watoto wenye kansa pale Muhimbili.

Wodi ile ilinishtua kwa jambo nisilolitarajia: michoro ya wanyama ukutani, watoto wenye vipara wanaofukuzana na dripu zao, mama mmoja anasuka ukili. Tiba ya kansa kwa watoto pale haikudaiwa fedha. Shirika la Tumaini la Maisha lilikuwa linasaidiana na hospitali kwa dawa na kwa malazi. Mimi niliyekaa wiki tano nikisubiri fedha za korosho nililisikia hilo nikiwa nimesimama mlangoni na bahasha ya noti mfukoni.

Usiku wa tatu, majibu hayajatoka, nilimkuta dada anamkorogea mtoto uji. Alikuwa amebeba unga wa karanga kutoka nyumbani, kwenye kopo la maziwa. Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, sauti ya mwalimu mwenye uhakika: "Hizo karanga zenu za ungo ndizo zilizomfikisha hapa. Umemlisha sumu tangu umwachishe ziwa."

Hakujibu. Alikwenda na lile kopo hadi kwenye pipa la taka, akamimina unga wote, akalikung'uta, akarudi nalo tupu, akaliweka chini ya kitanda. Kisha kwa siku nne hakula chakula cha maana. Akipewa sahani anaisukuma. Maziwa yalikuwa yameshakauka zamani, lakini mtoto alikuwa bado anatulia kwa kushika titi, na dada akaacha kumpa hata hilo. Alimwambia muuguzi anaogopa mwili wake una sumu.

Muuguzi akamwambia daktari. Daktari, mama wa makamo, alivuta kiti akakaa. Hilo nalo nililiona: aliyesoma alikaa. Akasema kwa Kiswahili kisicho na mapambo kwamba ini la mtoto linaweza kupata kansa za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo, na watu wanazichanganya kwa sababu zinakaa nyumba moja. Ya kwanza inaitwa hepatoblastoma. Hii ni ya watoto wadogo, wengi chini ya miaka mitatu. Inatokana na chembe za ini zilizokuwa zinajenga ini mtoto akiwa tumboni, ambazo zilitakiwa zikomae zikaacha kukomaa. Ni adimu sana, mtoto mmoja au wawili kwa kila watoto milioni kwa mwaka. Inawapata zaidi waliozaliwa njiti wenye uzito mdogo sana na wenye matatizo machache ya kurithi, na kwa wengi waliobaki hakuna cha kunyooshea kidole. "Si chakula," alisema. "Si ulichokula ukiwa na mimba, si ulichomlisha."

Ya pili ni ile ya watu wazima, ambayo wakati mwingine huwapata watoto wakubwa na vijana. Hiyo ndiyo ndugu wa homa ya ini aina ya B, na hiyo ndiyo sumukuvu inayoichochea. Mtu mwenye virusi vile akila sumukuvu miaka na miaka, hatari yake haijumlishwi, inazidishwa.

Mpwa wangu alikuwa na ya kwanza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha daktari. Dada aliniangalia mara moja tu, akarudisha macho kwa mtoto. Nimekaa na mtazamo ule miaka yote hii, nikaelewa kwamba kijijini tulikuwa na uchawi na bandama, nami nikaleta sumukuvu, lakini kazi tuliyoyapa maneno hayo ilikuwa moja: kumpata wa kulaumiwa. Na katika kumtafuta, kila mara tulimkuta mtu yule yule, aliyekuwa ameshika beseni la kuogeshea. Mama anayeogopa kulaumiwa huchelewa kusema. Anafunika tumbo la mtoto kwa nguo pana, anasubiri lishuke lenyewe. Nimewaona wengine baadaye. Uvimbe haungoji aibu iishe: unaweza kupasuka ukavujia damu tumboni, unaweza kurusha mbegu zake kwenye mapafu, na kile ambacho mwezi wa nane kingekatwa kirahisi mwezi wa kumi na mbili kimeshazingira mishipa mikubwa.

Kitanda cha pili kutoka kwetu kilikuwa na kijana wa miaka kumi na tano, kutoka mkoa mwingine. Huyu ndiye aliyekuwa na ile kansa ya pili. Alikuwa mrefu, miguu yake inatoka nje ya kitanda cha watoto, na tumbo limejaa maji likambana pumzi. Walimtoa maji, yakajaa tena. Alikuwa mpole, alimfundisha mpwa wangu kupiga makofi kwa mpangilio. Alipimwa akakutwa na homa ya ini B. Aliipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, au jandoni ambako zamani kisu kimoja kilizunguka kundi zima, au kwa wembe wa chale. Baba yake alizitaja njia zote hizo kwa zamu, kama anayepekua mifuko. Alizaliwa 2001. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wote Tanzania mwaka 2002. Gari lilimpita kwa mwaka mmoja.

Usiku mmoja alianza kutapika damu. Ini likishakakamaa, mishipa ya koo la chakula huvimba kwa damu iliyokosa njia, na ikipasuka haina subira. Pazia lilivutwa. Asubuhi kitanda kilikuwa na shuka jipya, na baba yake alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti, ameshika viatu vya mwanawe, ameviweka sawasawa, vidole vimeangalia mbele.

Ndipo nikaukumbuka wembe wa Kiegei. Chale niliyoiidhinisha mimi, kwa simu, kutibu ini ambalo hatukujua ni ini, ingeweza kuingiza virusi ambavyo baadaye vingeleta kansa ya pili. Nikaomba mtoto apimwe. Akakutwa hana. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na sindano zote tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, dada alizihangaikia kwa miguu na mtoto mgongoni wakati mimi nikiwa mjini nasoma magazeti. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na ilipofika katikati ya miaka ya 1990 kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu nusu. Ni chanjo iliyozuia kansa kwa macho ya watu. Kwa dada ilikuwa mstari kwenye kadi iliyofungwa ndani ya fundo la khanga.

Matibabu yalichukua nusu mwaka, na sitayasimulia yote, maana siku za hospitali zinafanana. Dawa iliitwa sisplatini. Huingizwa kwa dripu na maji mengi sana ili figo zisiungue, na mtoto hutapika mpaka hana cha kutapika. Kila baada ya muda walimpima damu kuangalia kitu kinachoitwa alfa-fetoprotini, ambacho uvimbe huu hukitema kwa wingi. Mtoto wa umri ule mwenye afya hafikishi hata makumi mawili. Yeye alianza na zaidi ya laki tatu. Dada, aliyeishia darasa la saba, alizishika tarakimu zile kuliko mimi. Laki tatu, elfu themanini, elfu tisa. Alizifuatilia kama wakulima wanavyofuatilia bei ya mnada, ila yeye alishangilia zikianguka.

Uvimbe uliponywea walimpasua. Daktari alituambia kwamba ini zima hata likikatwa robo tatu, robo iliyobaki hukua ikajaza nafasi. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja na ambaye kwa kawaida hasemi, akasema, "Kumbe kama mkorosho." Mkorosho mzee ukiukata ukaacha kisiki, unachipua. Daktari akasema ndiyo, kama mkorosho. Nadhani ndiyo siku pekee tuliyocheka wote.

Dozi za mwisho zilifuata, tukarudi Kiegei katikati ya 2017 na mtoto mwenye kovu kutoka ubavu hadi ubavu, juu ya zile safu sita za chale. Watu walikuja kumwona kama wanaokuja kumwona aliyerudi Makka. Tukadhani tumemaliza.

Mtoto alichelewa kusema. Tukasema ni ugonjwa ulimrudisha nyuma. Alipoanza shule, tukaitwa. Mkaidi huyu, akitumwa haendi. Kwenye imla mwalimu anasema "shina" yeye anaandika "ina", "fisi" anaandika "ii". Alikaa dawati la nyuma mwaka mzima, akicharazwa mara mbili tatu kwa utundu. Mimi mwalimu, mjomba, sikujua hadi kwenye kliniki ya kila mwaka Dar es Salaam alipowekewa vipokea sauti masikioni, na yule fundi wa masikio akatuonyesha mchoro: mstari unaokwenda vizuri halafu unaporomoka kama ukingo wa korongo. Sauti nzito anazisikia. Nyembamba zimekwisha. Sisplatini ndiyo iliyomponya, na sisplatini ndiyo iliyoua vinywele vya ndani ya sikio, ambavyo havioti tena. Ini linachipua, sikio halichipui.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa nchi kadhaa kuhusu watoto wenye kansa hii hii: katika waliopewa sisplatini peke yake, 63 kati ya 100 walipoteza usikivu, katika waliopewa na dawa nyingine, sodiamu thayosalfeti, saa sita baada ya sisplatini, ni 33. Sisi tulikuwa tumeshatibiwa. Kama gari lililompita yule kijana, na hili lilitupita kwa mwaka mmoja, ila sisi lilituacha hai.

Kiswahili kinamsaidia, hilo niliseme, maana limenishangaza. Lugha yetu imejaa irabu, na irabu ni nzito, zinamfikia. Ana maneno yote nusu, na nusu nyingine anaisoma mdomoni. Kinachomshinda ni s, sh, f, ch. Mashine ya kusikilizia ipo, betri zake ndogo kama punje ya mbaazi hazipatikani Kiegei, kwa hiyo mara nyingi inalala kabatini. Tiba kubwa zaidi ilikuwa dawati la mbele. Haikugharimu hata senti. Sasa yuko darasa la tano na mwandiko wake unaupita wangu.

Kliniki za kila mwaka zinaendelea, mapafu na ini. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, tulikwama Kilwa na tarehe yetu ikapita. Dada alitandika khanga pembeni ya barabara akalala. Mimi sikulala. Ameshazoea kusubiri kuliko mimi, au ameshajua lipi la kuogopa.

Basi siku ile chini ya mwembe, shingo zilipogeuka, nilisimama. Nikamwomba afisa radhi. Nikasema karanga zenye ukungu ni sumu, tusizile, tusiwape hata kuku, na mtu mzima anayekufa tumbo limejaa maji tuache kumsingizia jirani yake uchawi, tumpime homa ya ini, tutazame na ghala lake. Halafu nikasema ugonjwa wa mpwa wangu haukutoka kwenye karanga, daktari alisema hivyo mwaka 2016, na mtu wa kwanza kumsingizia mama yake ni mimi, na sikuwahi kusema mbele ya watu kwamba nilikosea.

Afisa, kijana mwungwana, alinishukuru, akasahihisha maneno yake palepale. Akaendelea na mbegu za kituo cha utafiti cha Naliendele na turubai za kuanikia. Mkeka uligeuza shingo zake ukamtazama yeye.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani dada alitembea mbele yangu, njia nyembamba. Alisema bila kugeuka, "Umechelewa, kaka." Baada ya hatua kumi akaongeza, "Lakini umesema."

Jioni alitoa gunia la mbegu, akaketi na ungo. Hanyunyizii maji siku hizi. Anabangua kavu, vidole vinauma, na mbovu anazifukia shimoni nyuma ya choo. Binti yake alikaa nami kwenye mkeka na kitabu cha shule. Nyenje walikuwa wameamka tena, mikorosho yote inalia, sauti ile ya kutoboa ambayo huwezi kujua inatoka mti gani. Alinivuta mkono, akaweka kidole kwenye picha.

"Mjomba, huyu nyenje analiaje?"

Dada akasimamisha ungo. Nikamgeukia mtoto ili auone mdomo wangu, nikaanza kutafuta sauti nzito ya kumwigia.